Hasira ya Wakio na Kichwa cha Silvanus

Ukoo mzima wa kwetu Chawia ulishaamua: kifafa cha ndugu yangu Silvanus kinatoka kwangu mimi, Wakio, dada yake. Nina hasira naye, basi hasira hiyo ndiyo inayomwangusha. Baba mdogo Thadeus, mzee wa kanisa huyo, alinijia na kibuyu cha maji. "Tasa, mama, yaishe," akasema. Yaani, kwa desturi yetu, nipige funda, nimpulizie Silvanus maji, niseme nimeitoa hasira moyoni, naye apone.

Nikakataa. Kutasa huku bado umekasirika ni uongo mtupu. Na nilikuwa nimekasirika kweli, tena sana. Mama yetu alipofariki, mwaka wa 1956, Silvanus alikuwa kazini reli pale Voi, karibu hivyo. Habari nilimpelekea mwenyewe, kwa miguu yangu, akaitikia, "Nakuja." Hakuja. Tukazika. Wiki ya pili ndipo akapanda mlimani kwetu, namuuliza, ananijibu, "Nilisahau." Ati alisahau! Mtu husahau kofia.

Miaka miwili baadaye, alipoanza kuanguka mara kwa mara, daktari wa Voi akamtuma Nairobi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akijaribu mashine ya kuchunguza ubongo bila kupasua kichwa. Mkewe alikuwa amejifungua juzi tu, basi nani akampeleka? Mimi huyo mwenye hasira. Ndani ya garimoshi sikumsemesha hata neno.

Mashine yenyewe haikutisha. Walimdunga sindano ya dawa yenye miali isiyoonekana kwa macho, wakangoja, wakamlaza. Daktari akashika kitu mfano wa mchi, akawa anakipitisha juu ya kichwa, anasimama hapa, anasimama pale, na sanduku la pembeni linalia tik, tik.

"Dawa hukusanyika penye ugonjwa," akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ikiwa nyingi, sanduku linalia sana."

Kisogoni lilisinzia. Masikioni vilevile. Alipofika kwenye paji la uso, upande wa kushoto, lo! Likalia kama mahindi kwenye kikaango.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilitamani Baba mdogo angekuwepo asikie. Hasira yangu mimi ingekaaje upande mmoja wa paji la mtu?

"Ni uvimbe," daktari akasema. "Umekua polepole, labda miaka mitatu au minne. Kesho tutautoa." Kisha akaniuliza, "Hamkuona amebadilika? Ugonjwa wa mahali hapo humfanya mtu asijali, asahau mambo, hata makubwa."

Miaka mitatu. Mama alikuwa na miwili kaburini. Wakati wote huo tulisema hasira yangu imemletea ugonjwa, kumbe ugonjwa ndio ulioniletea hasira. Nikalia palepale mbele ya yule Mzungu, wala sikuona haya.

Asubuhi walipokwisha kumnyoa, nilichukua bilauri ya maji iliyokuwa kando ya kitanda chake. Nikapiga funda, nikampulizia kichwani na kifuani. "Silvanus, sina neno nawe tena. Moyo wangu mweupe. Upone."

Nesi akaja mbio. "We mama! Unamtemea mgonjwa?"

"Ndiyo," nikamwambia, nikapiga funda la pili.

Silvanus alijipangusa uso, akatazama mlangoni. "Dada," akasema, "mama umemwacha na nani?"

Machela ilikuwa inakuja. Nikamshika mkono. "Nimemwacha Chawia. Ukipona tutapanda wote kwenda kumwona."

"Nakuja," akaitikia.

Safari hii alikuja. Alipopata nguvu nilimpeleka mpaka kaburini, kovu likiwa bado bichi pajini. Akasimama, akasoma msalaba, akaanguka magoti, akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi ileile. Baba mdogo alitaka kumnyamazisha.

"Mwache," nikamwambia. "Leo ndio anazika."