Mtumbwi wa Kumlaza Mgonjwa

Wakubwa walipokuja kuhamisha watu hawakuuliza mto unapita wapi. Walikuja na magari na vigingi, wakaonyesha kwa kidole tambarare ya ng'ambo ya Ruvu, wakasema maendeleo yatakuwa hapa. Zahanati ya misheni ikabaki upande wa Matombo, pamoja na migomba na makaburi. Mtumbwi wa mti uliokuwepo ulipasuliwa na gogo katika mvua za kwanza. Mvua za pili zikamkuta Kristina, mke wa Mzee Kasiani, tumbo limemvimba kama ngoma. Alilazwa ukingoni kusubiri maji yapungue. Maji yalipungua, lakini yeye alikuwa ameshazikwa.

Tangu hapo Kasiani hakumsalimia mwenye cheo yeyote kwa moyo mweupe, kuanzia balozi wa nyumba kumi kwenda juu.

Mwaka uliofuata, masika ikiwa inanukia, gari la wilaya lilishusha mitumbwi miwili ya mpira mbele ya ofisi ya kijiji. Ni ile ya kujazwa upepo, iliyoachwa na wapimaji waliokuwa wakitafuta mahali pa bwawa ambalo halikujengwa. Kijiji kilitakiwa kichague mmoja, wa pili uende kijiji kingine. Kasiani alifika kabla ya mbiu kupigwa. Bernadeta, mwanawe wa pekee, alikuwa na mimba kubwa, na mtoto aliyetangulia alikaribia kumuua. Wahudumu wa zahanati walisema safari hii asijaribu kuzalia nyumbani.

Dereva alikanyaga pampu mpaka mitumbwi yote miwili ikakakamaa. Mmoja ulikuwa wa duara, mpana kama beseni la ukoo mzima. Wa pili ulikuwa mrefu na mwembamba kama ganda la maharage.

Katibu wa kijiji, Ndugu Hassani, kijana aliyeletwa kutoka Mafiga, mjini, akasimama katikati.

"Ndugu wananchi, huu wa duara unabeba watu sita kwa mpigo. Huu ni wa kijamaa. Ule mwingine, kwa kuutazama tu, ni wa mtu binafsi. Tena mwezi ujao tunao wageni wa mkoa. Tuwavushe mmoja mmoja kama mbuzi?"

Watu wakapiga makofi. Wauza ndizi walishaanza kuhesabu mikungu kwa macho.

Kasiani alivua makubazi yake, akaingia kwenye mtumbwi wa duara, akalala chali. Miguu ikabaki inaning'inia juu ya ukingo, kidevu kikagota kifuani.

"Weeh! Mtani wangu kafa!" akapaza sauti Mwamvita, mtani wa Kasiani kupitia ukoo wa marehemu Kristina, mwanamke ambaye hata msibani hakuna aliyeweza kumfunga mdomo. "Nani ana sanda? Jogoo wake nimeshamchukua mimi, msihangaike kumtafuta."

Kicheko kikalipuka. Katibu hakucheka.

"Mzee, toka humo. Hiyo ni mali ya umma."

"Na mimi ni nani, nyani?" Kasiani alijibu akiwa bado amelala. "Yatazameni magoti yangu. Mgonjwa wa tumbo mtamkunja hivi? Mzazi je?"

Akanyanyuka kwa shida, akahamia kwenye ule mwembamba. Humo alinyooka mwili wote, kichwa mpaka kisigino, na nyuma ya kichwa pakabaki nafasi ya mtu wa kupiga kasia.

"Mzima anaweza kwenda na kurudi kutwa nzima," alisema huku akitazama mawingu. "Mgonjwa anavuka mara moja. Wageni wa mkoa watakaa, watasimama, watajua wenyewe. Chagueni wa kumlaza mtu."

Kicheko kilikatika. Wanawake walimtazama Bernadeta, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa akijishika kiuno.

"Haya," alisema Mwamvita, mkono juu. "Mimi nachagua kitanda cha mtani wangu."

Mikono ya wanawake ikainuka, na baadhi ya waume wakafuata kwa aibu. Hassani alihesabu, akarudia, akakubali kwa shingo upande.

Kasiani alishukuru mapema mno. Bwana wa wilaya aliyekuja na gari lile alipokuwa anaondoka, alipakia mtumbwi wa duara na pampu pia.

"Pampu ni moja," alisema. "Itakwenda na mkubwa."

"Sisi tujaze na nini?" Kasiani aliuliza.

"Mzee, umeshachagua. Sasa unataka kuchagua tena?"

Kasiani alimgeukia Katibu. Hassani akatazama viatu vyake. Pampu ya baiskeli ilijaribiwa, haikuingia.

Wakakubaliana kwamba mtumbwi usitolewe upepo. Petro, mume wa Bernadeta, aliuning'iniza chini ya paa lake, na kila asubuhi Kasiani akawa anaupuliza kidogo kufidia uliovuja. Ukakaa hivyo mpaka wageni wa mkoa walipokaribia. Hapo Hassani akaja na mgambo. Mali ya umma, alisema, haining'inizwi kwa mtu kama kitoweo. Itakaa ghalani, imekunjwa vizuri, wageni waione.

"Mwanangu anahesabu siku," alisema Kasiani.

"Akishikwa nitafungua mara moja, mzee wangu. Naapa."

Walipouminya ukatoa sauti ndefu kama ya mtu anayeguna usingizini.

Bernadeta alishikwa na uchungu alfajiri, mvua ikinyesha milimani na mto umegeuka rangi ya chai. Kasiani alikwenda kwa Katibu. Katibu alikuwa ameshatoka kwenda shamba la ujamaa kupokea mbegu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Petro alimkimbilia. Waliporudi, wote wawili wametapakaa matope, jua lilikuwa limeshapanda.

Hassani alifungua ghala, na haki itendeke: alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Mtumbwi ulikuwa na midomo mitatu ya kuingizia upepo. Alishika mmoja, Kasiani mmoja, Mwamvita mmoja. Walipuliza mpaka macho yakawatoka. Ukipumzika kuvuta pumzi, upepo unakurudia usoni, una harufu ya mpira. Wengine wakapokea zamu. Mpira ulijaa kama mtu anayeamka kwa uvivu, na kutoka kibandani kwa Petro sauti ya Bernadeta ilikuwa inapungua badala ya kuongezeka.

"Pulizeni, jamani!" Petro alilia. "Amenyamaza!"

Walimlaza Bernadeta humo, mtumbwi ukiwa bado laini kidogo. Alinyooka vizuri. Petro akapiga kasia, maji yakawavuta upande, wakapotea nyuma ya matete, wakatokea chini kabisa kwenye mchanga wa misheni, watu wa huko wakamnyanyua.

Kasiani alisimama ukingoni mpaka jua likaelekea milimani. Petro alirudi peke yake, na mbele yake humo mtumbwini kulikuwa na kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Mtoto alipaswa kulala karibu na bibi yake, aliyezikwa upande huu.

"Bernadeta?" Kasiani aliuliza.

"Anapumua. Wamesema tumechelewa, baba. Tungefika asubuhi, wangepona wote."

Mwamvita alikipokea kitambaa bila kusema neno. Hassani, midomo imemvimba, akasogea.

"Mzee Kasiani, pole sana. Lakini tumshukuru Mungu, mama ameokoka. Nitawaeleza wageni kwamba mtumbwi umeokoa maisha."

"Waeleze na habari za ufunguo."

Mgambo wa Katibu alikuwa ameshainama, anatafuta kizibo atoe upepo, maana amri ilikuwa bado ile ile. Kasiani akaushika mkono wake, si kwa nguvu.

"Acha."

"Ni mali ya—"

"Binti yangu bado yuko ng'ambo."

Mgambo akamtazama Katibu. Katibu akautazama mto. Kasiani alichukua kamba, akaufunga mtumbwi kwenye mti, fundo juu ya fundo, kisha akaketi kando yake, mgongo ameuelekeza kwao wote.