Ekseli Iliyopakwa Rangi Mpya

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alishasema atajifungulia hospitali kubwa, kule chini ya mteremko wenye kona nyingi. Mkwe wangu akaapa kwamba mtoto wake wa kwanza hatabebwa na gari la kukodi. Atabebwa na gari la marehemu babu yake, lile la kizamani ambalo mkwe wangu hulifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso. Lakini ekseli yake ya nyuma ilikuwa imekatika. Basi tukaenda kwa muuza vyuma chakavu kutafuta nyingine: yeye, fundi wake, na mimi niliyejialika.

Ekseli ilikuwa imelazwa juu ya matofali, imepakwa rangi nyeusi ambayo bado ilinuka. Vyuma vingine vyote pale uani vilikuwa na kutu. Hiki peke yake kilivishwa nguo mpya.

"Imetoka kwenye gari la bibi mmoja," muuzaji akasema kwa upole. "Alikuwa anaendea sokoni tu."

"Yuko wapi huyo bibi?" nikauliza.

"Ameshatangulia mbele ya haki, mama."

"Aliugua?"

Akainama kufunga kamba za kiatu.

Fundi akaweka chaki juu ya tofali, karibu kabisa na kile kisahani kinachofungiwa gurudumu, akazungusha. Upande wa kulia kilizunguka bila kugusa kitu. Upande wa kushoto kikaigusa chaki. Ta. Kimya. Ta. Kimya.

"Kimepinda kidogo tu," fundi akasema. "Hata mimi mguu mmoja mfupi, na nyumbani nafika."

Wakacheka wote watatu.

Kisha akafungua nati ya difu, lile bonge la katikati lenye gia, akachovya kidole kwenye oili. Nilikuwa nimesimama begani kwake. Oili ilikuwa nyeusi, na ndani yake mlimetameta vipande vidogo vidogo vya chuma, kama magamba ya samaki. Muuzaji akamtazama. Fundi akajifuta kidole kwenye suruali, polepole.

"Safi," akasema.

"Na hicho kinachong'aa kwenye suruali yako ni nini?"

"Jua hilo, mama."

Wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri.

"Mama, mwachie mwenye kazi yake," mkwe wangu akasema. "Wewe hata baiskeli unaiogopa."

"Naiogopa, baba, ndiyo maana sijawahi kuanguka."

Wakaipakia kwenye mkokoteni. Mkwe wangu akaingia kibandani kumalizana na muuzaji, nikabaki na fundi anayefunga kamba. Alipiga fundo, akalifungua, akalipiga tena. Akasema bila kuinua macho:

"Siku ya kwenda hospitali, mama, huko kwenye kona, binti yako asikae upande wa kushoto."

Nilipanda mkokoteni, nikakaa juu ya ile ekseli, rangi mbichi ikanishika nguoni.

"Utayarudia hayo," nikamwambia, "mkwe wangu akitoka."

Fundi akageuka kutazama kibandani. Muuzaji alikuwa ameshasimama mlangoni, anatutazama, na upole wote umemtoka usoni. Mkwe wangu akachungulia nyuma ya bega lake.

"Arudie nini?"

Fundi akaanza kulifungua tena lile fundo.

"Mama, shuka twende, mvua inakuja," mkwe wangu akasema.

"Ije," nikasema. Sikushuka.