Tigre na Amina ya Papa Gaston

Mwezi wa rozari, Oktoba, shirika lote, yaani jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa, lilikuwa linasali kila Alhamisi uani kwa Philémon, na Alhamisi mbili mfululizo Tigre alikuwa amebweka tangu ishara ya msalaba hadi wimbo wa mwisho. Tigre ni mbwa ambaye Aimée, binti wa Philémon na mkewe Eulalie, aliwaachia alipoolewa huko Walungu.

"Papa Aimée," Eulalie alimwambia mumewe, "Alhamisi inayokuja kama iyi imbwa inabweka tena, Ijumaa inapanda taxi. Inaenda kwa kaka yangu kule Nyangezi, ikae na mbuzi."

"Haiko na makosa."

"Sasa ni mimi niko na makosa?"

Philémon alimpenda mbwa huyo na hakutaka kuharibu mambo. Alikuwa fundi redio, mtu wa kutazama kitu siku mbili kabla ya kukigusa. Alikaa mlangoni na daftari lake. Siku ya pili akaona: kila Tigre alipobweka, mtu alimrushia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ili anyamaze. Mrushaji mkubwa alikuwa Eulalie.

"Hatumunyamazishi," alimwambia taratibu. "Tunamulipa."

Kwa siku tano akageuza mambo. Alipiga magoti mbele ya mbwa, akasali Salamu Maria moja. Tigre akibweka, samaki alirudi mfukoni. Akinyamaza mpaka Amina, alipewa. Kisha zikawa mbili, kisha fungu zima la Salamu Maria kumi. Maman Rosalie, jirani, alichungulia juu ya ua.

"Papa Philémon, ubatizo ni lini? Nishone nguo ya kikwembe?"

Alhamisi ikafika. Watu ishirini walikaa, na Tigre akakaa katikati yao, kimya kabisa. Lakini kwenye Amina ya kwanza aliinuka, akaenda kwa Papa Gaston, kiongozi wa shirika mwenye sauti kubwa kuliko wote, akamkodolea macho mdomoni. Philémon akatambaa kwa magoti na kumpa mbwa samaki. Amina ya pili, vilevile. Philémon alidhani amemfundisha mbwa kunyamaza. Kumbe amemfundisha kungoja Amina.

Rozari ikaisha, na Papa Gaston akaanza ombi lake la kufunga ibada, ambalo kwa kawaida huzunguka kwa wagonjwa wote, barabara zote na umeme, mpaka giza linaingia. Tigre aliweka kidevu kwenye goti lake. Papa Gaston akafumbua jicho moja. Mate yalikuwa yanashuka kwenye suruali yake.

"Bwana, tuko nakuomba juu ya barabara yetu..." Tigre akasogea karibu zaidi. "...na ile ingine yote unajua. Amina!"

Watu walitazamana. Jua lilikuwa bado juu. Maman Rosalie alijiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Maman Aimée," alisema alipoweza, "Novemba tutasali kwangu. Utakuja na imbwa?"

Eulalie alimtazama mumewe, ambaye hakuthubutu kupumua.

"Itakuja," alisema. "Iko ya shirika sasa."