Sukuma Zilizoogeshwa

Kiondo na magunia matupu vilikuwa vimeshapakiwa kwenye pikapu ya Ngui, kaka wa Mbeti, na Mbeti mwenyewe mguu mmoja umo ndani, ndipo alipogeuka kumwita jirani.

"Mama Patrobas! Sukuma wiki zangu ni hizo. Nikitoka Mwingi kuvuna kunde nizikute vile nimeziacha, halafu tutaongea ile maneno ya watoto."

Maneno yenyewe mtaa mzima wa Ziwani uliyajua. Patrobas, mwana wa Muhonja, alimtaka Jecinta, binti wa Mbeti, na Jecinta alimtaka vilevile. Aliyebaki kufungua mdomo ni Mbeti. Kwa hiyo pikapu ilipopotelea konani, Muhonja aliyatazama yale madebe ya rangi yaliyopandwa sukuma, yamepangwa kando ya ukuta, kwa heshima kama wageni wa posa.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa tisini na tano, jua kali, mfereji ukikoroma tu bila maji. Muhonja alikuwa mtu wa Vihiga, kule mvua inakonyesha karibu kila alasiri na majani kung'aa yenyewe. Hizi za Mbeti zilikuwa na ungaunga mweupe, kama mtoto aliyetoka nje bila kupakwa mafuta.

"Vumbi la viwanda," akasema. Mkwe arudi akute uchafu? Akakoroga sabuni ya unga kwenye karai, akasugua jani moja moja, juu na chini, akasuuza, mpaka yakameremeta.

Jioni mumewe Kweyu akafika kutoka kibarua mtaa wa viwanda wa Baba Dogo, akasimama, akashika kiuno. "Umeziosha mpaka masikio?"

"Wachana na mimi."

"Basi zipake mafuta, Jumapili twende nazo kanisani."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, majani yalikuwa yamelala. Muhonja akamwagia maji. Yakalala zaidi. Akamwagia hata yale aliyoweka ya chai, na udongo ukawa tope, lakini majani yakaning'inia kama soksi kwenye kamba.

"Harusi hiyo inanyauka," Kweyu akasema.

Muhonja alipoinama kuokota kata iliyoanguka nyuma ya pipa, akakuta debe moja alilokuwa amelisahau. Halikuoshwa. Sukuma yake imesimama wima, nyeupenyeupe, na jua lilikuwa linaipiga kama zile nyingine. Matone ya maji kutoka mkononi mwake yakadondokea jani, yakabingirika kama shanga, yakaanguka chini. Akapitisha kidole. Ule unga ulikuwa unateleza kama nta ya mshumaa.

"Yesu wangu," akasema. "Si vumbi. Ni koti lao."

Akaelewa sasa. Maji aliyokuwa anayatia chini yalikuwa yanatokea juu, kwenye majani aliyoyavua nguo, na jua linayanywa.

Akaingia ndani, akang'oa pazia la sebuleni, lile la maua ambalo hata wageni walikatazwa kulishika, akalitandaza juu ya madebe likawa kivuli. Majirani walicheka hadi wakachoka. "Mama Patrobas, leo zinavaa?" Hakujali. Majani mengi yalibaki teketeke, lakini nchani yakachipuka mapya, madogo, yana unga wao mweupe.

Mbeti aliporudi alisimama mbele ya madebe bila salamu.

"Hizi zimefanywa nini?"

"Niliziogesha, Mama Jecinta."

"Na sabuni?"

"Ya unga."

"Nyinyi watu wa mvua!" Mbeti akashika kichwa. "Kwetu Mwingi, kwenye jua, jani lisilo na unga halimalizi wiki. Na hili pazia?"

"Ni la kwangu. La sebule."

Mbeti akalishika. Jua lilikuwa limekula maua yote. Akatazama dirisha la Muhonja lililobaki wazi, wapita njia wakichungulia mpaka mezani, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mwite baba yake Patrobas, tuongee ile maneno ya watoto," akasema. "Na uweke maji ya chai, kama yamebaki."

Jecinta na Patrobas walioana Desemba, wakahamia mtaa wa Fedha. Ngui aliuza pikapu. Kweyu aliacha kibarua akarudi Vihiga kulima. Muhonja alimfuata mwaka uliofuata, na Mbeti akabaki Ziwani na madebe yake. Majani yaliyoogeshwa yaliliwa jioni ileile Mbeti aliporudi, na ugali. Pazia halikurudi dirishani.