Picha ya Kaka

Mimba ya tatu ya wifi ilipoharibika, mimi ndiye niliyeupeleka umbea saluni kwangu: tumbo la wifi lina kasoro. Wateja wakacheka, nami nikaongeza chumvi. Siku ya majibu ya vipimo vyake na vya kaka yangu, mumewe, nikang'ang'ania kwenda nao hospitali.

"Wifi, umekuja kunishika mkono au kuchukua habari?" aliniuliza kwenye benchi.

"Vyote, mke wetu." Nikajipapasa tumbo. Miezi mitatu, mimba yangu ya kwanza.

Daktari, mama wa miwani minene, akatandaza picha mbili: kromosomu, vile vijiuzi vya seli vinavyobeba urithi, zimepangwa jozi jozi kama soksi zilizotoka kufuliwa.

"Za mke ziko sawa," akasema. Akagusa za kaka. "Hapa kipande cha hii kimehamia kwenye ile, na cha ile kimehamia huku. Wewe mwenyewe huumwi, maana hakuna kilichopotea. Shida ni wakati wa kutengeneza mbegu. Kila kromosomu humtafuta mwenzake, wakashikana, wakabadilishana vijipande, wakajipanga katikati ya seli, kisha kila mmoja akavutwa upande wake. Zako hizi hushikana nne kwa pamoja, kama msalaba. Zikivutwa, mbegu nyingi hutoka zimezidishiwa hapa, zimepunjwa pale."

Kaka akainama. Wifi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Kaitoa wapi?" nikauliza, domo langu halijui kufunga.

"Kwa baba au kwa mama. Na ndugu zake, kila mmoja ni kama sarafu iliyorushwa." Macho yake yakashuka tumboni kwangu. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Baba mmoja, mama mmoja." Nikalifunika tumbo kwa mkoba. "Kama ninayo, si mtanirekebishia?"

"Mwanangu, mayai yako yalianza kazi hiyo ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Kromosomu zikashikana, zikabadilishana, zikasimama kukusubiri ukue. Yai la mimba hii limeshagawana. Sisi tunaweza kutazama tu."

Wakanitoa damu. Majibu, wiki tatu.

Kesho yake saluni ilijaa. "Enhe, tumbo la wifi limesemaje?" Nikasema umeme una hitilafu, nikafunga.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, nilimwita wifi nikiwa chooni, damu inanitoka. Alikuja na taulo mbili, beseni na maji ya uvuguvugu. Kila hatua alikuwa anaijua.