Chikori za Fons

Godelieve alisimama kwenye ngazi za chumba cha chini, mikono kaitanua, ili fundi asipite na tochi yake.

"Boila liko huko, mama. Nyumba imeganda. Unataka mzee afe kwa baridi?"

Mzee ni Fons, mumewe, aliyelala juu chini ya mablanketi manne. Siku ya tano hajatia kitu mdomoni, ila ameahidi kula chikori zake mwenyewe, mboga zilizomo kwenye ndoo huko chini. Chikori hulelewa gizani msimu mzima wa baridi. Zikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa chungu kama shubiri.

"Zimebakiza siku mbili zikomae," Godelieve alisema. "Washa uone."

Joris, yule fundi, akashusha pumzi. "Basi nitapapasa. Nimezaliwa Kampenhout mimi, kwa wakulima wa chikori. Mama yangu alinichapa kwa kuwasha njiti moja tu ya kiberiti karibu nazo."

Wakashuka. Godelieve akashika skrubu kiganjani, akimpa moja moja. Juu Fons alikohoa mara mbili, kisha kimya. Kimya kikazidi kurefuka. Godelieve akainua mguu apande kwake.

"Usiende, mama! Skrubu ya mwisho."

Boila likanguruma, na moto wa buluu ukang'aa kwenye kidirisha chake.

"Mwanga!" Joris alipiga kelele, akavua koti na kulitupa juu ya ndoo. Godelieve akakiziba kidirisha kwa mgongo wake.

"Nani kawasha taa huko?" sauti ilifoka kutoka juu. "Mnaniulia chikori, washenzi nyie!"

Godelieve akacheka huku machozi yakimtoka.