Sungura Aitwaye Mafi

Haraka haraka ina baraka. Asiyeamini amuulize sungura. Juu ya paa la nyumba yao, Bani Malik mjini Jeddah, Saleha alipata vizazi saba vya sungura kwa miaka minne. Alianza na dume dogo la rangi ya mchanga na jike jeupe lenye masikio marefu kama makubadhi. Joto la Agosti liliwashinda madume wengi, wakashindwa kuzalisha. Saleha aliwabakiza walioweza. Wengine waliingia kwenye biriani. Kizazi cha saba kilitoka sawasawa: rangi ya tende, manyoya mafupi, masikio ya kujipepea. Mbegu mpya, na ya mkono wake mwenyewe.

Yeye na mumewe wakaipeleka Riyadh kuiandikisha kwenye maonyesho ya mwaka. Jina alikwishalichagua: Yasmini. Alipokwenda kuwalowesha sungura masikio, alimwachia foleni Absalom, dereva wao Mkenya, ambaye Kiarabu chake chote kilienea kiganjani.

Punde kipaza sauti kikanguruma: mbegu mpya, Arnab Mafi, ya Saleha wa Jeddah!

Wakenya waliokuwa wakibeba matundu waliangushana kwa kicheko. Arnab ni sungura; na kwa Kiarabu cha mtaani, mafi ni hakuna. Kwa sikio la Mswahili, ni kile kinachofagiliwa chini ya tundu.

"Absalom, umefanya nini baba?"

"Madam, karani aliuliza sungura anaitwa nani. Nikasema mafi. Kwani alikuwa na jina?"

Saleha alishika ubavu. Kicheko kilimpanda toka visigino, akakaa chini kwenye majani makavu, machozi yakimtoka.

Mumewe, Haroub, Muunguja kama yeye, hakucheka. "Mama Saif, nenda kafute. Shangazi yangu Lina, tuliyekuja naye, amecheka hata meno ya bandia yamemtoka."

"Nikifuta, nangoja mwaka mzima. Yule bwana aliyenunua jozi ya sungura kwangu mwezi uliopita yuko nyuma kwenye foleni. Ataandikisha yeye, na mbegu itakuwa yake."

Karani akasogeza daftari: abaki na jina hilo au lifutwe? Saleha akachukua kalamu, akatia saini chini ya Mafi.

"Basi angalau watake radhi jamaa," Haroub akanong'ona. "Umetuaibisha Unguja nzima."

Saleha akamnyanyua dume lake kwa mikono miwili.

"Baba Saif, simtaki radhi mtu."